Kundi Lisilopata Ujumbe

Mke wangu si mtu wa kukaa sakafuni. Ni nesi, amezoea kusimama kutwa nzima, na akichoka huegemea ukuta kidogo halafu akaendelea na kazi. Kwa hiyo siku ile nilipotoka karakana yangu ya uani kufuata bisibisi, nikamkuta ameketi chini sebuleni, miguu ameinyoosha, kompyuta ameipakata kama mtoto mgonjwa, moyo ulinipasuka. Nilidhani kuna mtu amekufa.

“Nani?” nikamuuliza.

“Hakuna aliyekufa.” Hakuinua macho. “Nimeshindwa.”

“Kompyuta imeharibika?”

“Ingekuwa imeharibika ningefurahi.”

Akaigeuza nione. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja mwekundu, mwingine wa buluu. Mimi ni fundi wa friji. Mstari unaoshuka kwangu ni habari njema, maana yake kitu kinapoa. Nikamwambia mbona huu wa buluu unashuka vizuri sana. Akacheka kicheko kibaya, kile cha mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake.

“Wa buluu ni wale ambao sikuwafanyia chochote,” akasema.

Hapo ndipo na mimi nikavuta kiti nikakaa, maana hata fundi wa friji anaelewa akiambiwa kwamba friji isiyotiwa gesi inagandisha kuliko iliyotiwa.

Nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutanielewa kwa nini mtu mzima alikuwa chini akikodolea macho mistari. Baba yangu alikuwa na presha. Alikuwa akinywa vidonge kichwa kikimuuma, kikipoa naye anaviacha, na ukimsema anakwambia yeye si mgonjwa wa kudumu. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu, mkono mmoja ukakataa kufunga. Juma halikuisha tukawa tumemzika. Mke wangu wakati ule alikuwa nesi wa kliniki ya presha hapa hapa mtaani kwetu, kila siku anawahimiza watu wa watu wanywe dawa, na mkwe wake mwenyewe amekufa kwa kutokunywa. Alilia kuliko sisi tuliozaliwa na marehemu. Alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba hakuna aliyemuuliza. Kila jioni tulikuwa tunakaa naye, tunakula naye, na hakuna aliyemuuliza kama amekunywa dawa yake.

Wengine huzuni inawalaza kitandani. Yeye ilimpeleka shule. Chuo kilikuwa kimeanzisha shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya kidijitali na ubunifu wa teknolojia, akaomba, akapata, akachukua likizo kazini. Jina la somo lilikuwa refu mno, na mama yangu akiulizwa na majirani mkwe wako anasomea nini, alikuwa anajibu, “Simu.”

Sitaki kutia chumvi, lakini mwaka ule wa kwanza ulimtoa jasho. Darasani alikuwa na vijana waliokua na kompyuta mapajani, yeye bado anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Alikuwa anaandika maagizo ya programu mchana kutwa, yanakataa kufanya kazi, kumbe amesahau mabano. Nilimsikia akiitukana ile kompyuta matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Walimfundisha kuchora mfumo, kuutengeneza, kuujaribu kwa watu wachache, kuwauliza wanaoutumia unawakera wapi, kisha kuubomoa na kuujenga upya. Alipenda hasa ile sehemu ya kuuliza. Alisema chuo kimempa ruhusa rasmi ya kuwa mbea.

Mwishowe akatengeneza kitu chake. Kila jioni simu ya mgonjwa inapata ujumbe: umekunywa dawa yako leo? Ukibonyeza moja maana yake ndiyo. Ukibonyeza mbili, sauti ya nesi inakupigia na kukubembeleza uende ukanywe. Kitu chepesi, lakini mimi nilipokiona mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya nakagua kompresa, maana machozi yalikuwa yananilenga. Lilikuwa lile swali la baba.

Basi kitu kama hicho chuo hakikubali kwa maneno. Lazima ukijaribu. Wakatafuta wagonjwa sitini wa ile kliniki yetu. Wote wanaendelea kupata dawa zao na kupimwa kila mwezi kama kawaida, ila nusu wanapata ujumbe na nusu hawapati, na baada ya miezi sita unaangalia presha za nani zimeshuka zaidi. Nani awe upande upi, haamui mtu. Inaamua kompyuta, kwa kura, ili mtafiti asije akapendelea. Wale wasiopata ujumbe wanaitwa kundi la kulinganisha.

Mama yangu alijiandikisha. Tangu baba afe naye alikuwa amekutwa na presha. Siku ya kuandikisha mke wangu hakuwepo kliniki; walioandikisha ni wanafunzi wenzake, na mama hakusema yeye ni nani. Walimsomea maelezo yote, kura na mambo mengine, naye akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akatia dole gumba. Alikuwa amevimba kichwa kwa fahari. Kazi ya mkwe wake hiyo, yeye asiwemo?

Na kompyuta ikamtupa upande wa wasiopata.

Wiki ya kwanza akadhani simu yake ni mbovu, akaniletea. Wiki ya pili jirani yetu, tunayemwita Bi Miwani kwa sababu ana jozi mbili na zote huzivaa kichwani, akamwambia na yeye hapati. Lakini mwenye duka la pembeni anapata, na dereva mstaafu wa nyumba ya tatu anapata, mtu ambaye hata salamu hawapi watu. Mama akaja juu. Akamkabili mke wangu uani, mimi nikiwapo, mikono imejaa grisi.

“Hivi mimi nimekukosea nini?”

“Mama, ni kura. Kompyuta ndiyo iliyochagua.”

“Kompyuta ya nani? Si hiyo iliyoko sebuleni kwenu? Mimi mwenyewe huwa naifuta vumbi.”

“Mama, mambo ya utafiti siruhusiwi kuzungumza na wewe. Naomba usinikasirikie. Siruhusiwi.”

Baadaye nilijua kwamba alikwenda kwa Profesa, yaani msimamizi wake, akamwomba mama atolewe. Profesa akakataa. Alisema ukishamgusa mmoja kwa sababu unajua yuko kundi gani, umewagusa wote. Mke wangu akarudi nyumbani akafunga mdomo. Na mama naye akafunga wake. Kuanzia hapo, wakiwa chumba kimoja, mama alikuwa ananitazama mimi na kusema, “Mwambie mkeo chumvi imeisha.” Nami nilikuwa namgeukia mke wangu aliyeko hatua mbili na kumwambia chumvi imeisha. Nilijiona mjinga wa hali ya juu, lakini wewe ungefanyaje.

Hayo ndiyo mambo yaliyotufikisha kwenye ile mistari. Miezi sita imepita, vipimo vyote vimekusanywa, majina yamefutwa na kuwekwa namba, orodha ya nani ni nani amebaki nayo yeye, na sasa kundi lililokuwa likipata swali lake kila jioni presha imeshuka kidogo tu, na kundi lililoachwa lijiendee imeshuka vibaya sana. Mke wangu alimpigia Profesa. Profesa akasema bila shaka makundi yamebadilishwa majina kwa makosa, akague. Akakagua mara mbili. Hayakubadilishwa.

“Haiwezekani,” alikuwa anasema, si kwangu, kwa kompyuta. “Haiwezekani kabisa.”

Nikamshika bega nikamwambia atoke nje apunge upepo. Kwa kawaida saa zile za jioni huwa yuko chuoni, anarudi giza limeshaingia. Siku ile alikuwa nyumbani. Tukatoka kwa mlango wa uani.

Mama anakaa vyumba viwili vya nyuma, vina kibaraza kipana cha saruji. Kila jioni kilikuwa kinajaa watu. Mimi nilikuwa nawaona, nawasalimia, naendelea na mafriji yangu. Nilidhani ni chama cha kuweka na kukopa. Niliwahi hata kumuuliza mama, akanijibu, “Ni chama cha wanyonge,” nikaona ni maneno yake tu.

Mke wangu akasimama ghafla hata nikamgonga kwa nyuma. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Kuna mzee fundi cherehani, kuna mwalimu mstaafu, kuna Bi Miwani, kuna mama muuza mboga, watu ishirini na ushei, kila mmoja na kikombe cha maji mkononi. Mama amesimama katikati kama mnyapara. Akasema, “Haya.” Wakatia vidonge mdomoni wote kwa pamoja, wakanywa, kisha kila mmoja akamfunulia jirani yake mdomo amkague chini ya ulimi.

“Hao,” mke wangu akaninong'oneza. “Hao ni kundi la kulinganisha. Hao wote.”

Mama akatuona. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamsemesha mke wangu ana kwa ana.

“Karibu, mwenye kompyuta. Leo umetoka mapema.”

Mke wangu alirudi kinyumenyume. Akakaa juu ya friji bovu lililokuwa limelazwa pale. Bi Miwani ndiye aliyetusimulia, tena kwa raha zake. Siku ya kliniki ya kwanza walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa. Wale wa ujumbe wakawa wanaringiana simu. Ndipo mama yangu akasimama mbele ya watu, akauliza kwa sauti ya sokoni, “Nani hapa haulizwi?” Mikono ikainuka. Akasema, “Njooni kwangu. Tutaulizana wenyewe.” Wakaanza. Asiyefika, wawili wanatumwa kwake na kidonge chake na maji. Mwalimu mstaafu aliwahi kufuatwa hadi harusini. Fundi cherehani aliwahi kununa, akafuatwa, akanywa akiwa amenuna.

“Wale wa simu tutawashinda,” Bi Miwani akamalizia. “Au tayari?”

Mke wangu akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nilipomwona uso.

Kesho yake akazunguka nyumba za wale waliopata ujumbe, awaulize. Nilimsindikiza. Dereva mstaafu alitupokea na simu mkononi, akitazama mpira kwenye televisheni.

“Ule ujumbe wako, Sista? Mzuri sana. Nabonyeza moja.”

“Unabonyeza moja baada ya kunywa dawa?”

“Nabonyeza moja inyamaze. Dawa nitakunywa baadaye, nikikumbuka.”

Nyumba baada ya nyumba, hadithi ni ile ile. Mwezi wa kwanza waliogopa, wakanywa. Baadaye kidole kikazoea. Kompyuta ikapokea ndiyo zao zote, na damu zao zikasema hapana. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Huu ulikuwa mshtuko mwingine, na nadhani ulimuuma kuliko ule wa kibarazani. Swali alilolilia kwa miaka mitatu, watu walikuwa wanalizima kama kelele.

Sasa elewa kilichokuwa mezani. Likizo ya masomo ilikuwa inaisha. Kulikuwa na nafasi mpya imewekwa kwa ajili yake, ya kusimamia mifumo ya simu katika kliniki zote za mji, kwa sharti awe na shahada mkononi. Tena kampuni moja ya teknolojia ilikuwa imeahidi kuuchukua mfumo wake na kuutandaza. Akikwama mbele ya watahini, nafasi anapewa mwingine, kampuni inampa kisogo, na miaka yote ile inakwenda na maji. Profesa alilijua hilo. Si mtu mbaya yule Profesa. Ni mtu mwenye haraka. Akampigia simu, nami nikasikia, maana simu ya mke wangu inapaza sauti.

“Watoe. Waliojiunga na kikundi cha kibarazani hawakuwa tena kundi la kulinganisha. Andika sentensi moja kwamba sehemu ya kundi ilichafuka. Wabakize wale wengine.”

Alijaribu. Aliwatoa wale ishirini na ushei kwenye hesabu zake, akabaki na wachache, na mstari wa buluu ukapanda juu hapo hapo. Mashine yake ikawa mshindi. Alikaa akiitazama ile mistari.

“Basi, si hivyo,” nikamwambia. “Kata. Profesa mwenyewe amesema.”

“Nikimkata mama, nitakuwa nimemkata mara ya pili.”

“Ni namba, si mama.”

“Wewe ulimwona amesimama pale na kikombe. Umwambie yeye ni namba.”

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno makali, kwamba anacheza na maisha yetu kwa sababu ya ukaidi wa vizee. Akainuka, akatoka. Akavua ndala mlangoni mwa mama, akaingia. Mimi nikasogea nikajitia natengeneza bawaba.

“Mama, nataka kuwaeleza watahini habari za kikundi chako. Jina lako sitalitaja. Ukikataa, sisemi.”

“Ukisema, watakupa hicho cheti?”

“Pengine hawatanipa.”

“Na usiposema?”

“Watanipa.”

“Sasa unaniuliza nini? Nyamaza uchukue cheti.”

“Nimekuja kuomba ruhusa, mama. Ushauri ninao mwingi, mwanao amenipa mpaka basi.”

Nikasikia mama anacheka puani. “Kichwa kigumu. Haya, sema. Na mimi nitakuja nisikie.”

Siku ya utetezi wa tasnifu tulikaa viti vya nyuma, mimi na mama, yeye amevaa viatu vya mchuchumio vilivyokuwa vinamvuka. Mbele kulikuwa na watahini watatu, mmoja wao wa kutoka chuo kingine, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo ambayo ilimfanya kila mtu ajivute mbele ili amsikie. Pembeni alikaa mtu wa kampuni. Mke wangu akaonyesha mistari yake yote, bila kuficha. Akasema mfumo wake umeshindwa, na akaeleza ulishindwa na nini. Profesa alikuwa anatazama kalamu yake.

Mtahini wa nje akauliza habari za usalama. “Katika utafiti huu, kuna mshiriki yeyote aliyedhurika?”

“Hakuna,” akajibu.

“Na hicho kikundi, nani alikianzisha?”

“Mmoja wa washiriki. Sina ruhusa ya kumtaja.”

Nikahisi kiti cha pembeni yangu kinasogea. Mama alikuwa amesimama.

“Mimi hapa,” akasema. “Mimi nina ruhusa ya kujitaja.”

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mtahini aligeuza kiti chake taratibu, akamtazama mama kana kwamba amemsubiri siku zote.

“Kwa nini uliwakusanya, mama?”

“Hasira.”

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

“Hasira ya nini?”

“Mume wangu alikufa kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama amekunywa dawa. Huyu ndiye aliyesema hivyo, tukiwa msibani, na mimi nilimsikia. Akaenda shule, akatengeneza kitu cha kuwauliza watu. Akamuuliza mwenye duka. Akamuuliza dereva. Mimi mjane wa yule yule mtu, hakuniuliza. Nikasema basi, huyu amenichoka. Kama hanitaki hai, nitaishi kwa kumkomoa.”

Hakuna aliyecheka tena. Miezi yote ile nilikuwa nabeba maneno kati yao, chumvi imeisha, sabuni imeisha, na sikuwahi kujua kwamba hilo ndilo lililokuwa chini yake. Mke wangu alikuwa analia waziwazi, rimoti ya kubadilishia picha ikiwa mkononi.

“Mama, nilikwenda kuomba utolewe,” akasema. “Walikataa.”

“Hukuniambia.”

Wakatuomba tusubiri nje, varandani. Tulipoitwa, mtahini wa nje ndiye aliyesoma. Amefaulu. Abadilishe kichwa cha tasnifu, aandike upya sura ya matokeo, na kikundi cha kibarazani ndicho kiwe kiini cha kazi. Alisema kwamba ni mara chache kuona mwanafunzi anakuja kuutetea utafiti uliomwangusha. Mtu wa kampuni alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Sikumjali. Cheti kilikuwepo, na kazi ilikuwepo.

Tukatoka tena kwenye ile varanda ndefu ya nje ya ukumbi. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, amemkumbatia mama, na mimi nimesimama na mkoba wake kama mpagazi, furaha imenijaa hadi kooni. Mama akamwacha afurahi. Halafu, nadhani aliona sasa mambo yamekwisha, hakuna ubaya wa kumaliza yote. Akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia sufuria iliyoungua.

“Basi na mimi nikwambie, maana sasa umeshapata. Ule mwezi wa kwanza, tangu uliponijibu ni kura, sikunywa.”

“Hukunywa nini?”

“Dawa. Hata kidonge kimoja. Vyote nilivitia kwenye soksi ya marehemu.”

Mke wangu akamwachia. “Kwa nini?”

“Nilitaka nianguke. Nianguke pale uani, wewe ukirudi shule unikute, uone ulichofanya.” Akarekebisha mtandio. “Siku ya kliniki presha ikawa juu, nesi akanikaripia, nikamwambia nimekula chumvi nyingi. Halafu pale kwenye benchi nikaona kumbe tusioulizwa tuko wengi. Nikaona aibu kufa.”

Nilikuwa nafikiria ule ua wetu. Siku zote zile nilikuwa napita pale na spana zangu, namsalimia, ananijibu hajambo, na kila siku alikuwa anasubiri kuanguka.

“Mama,” mke wangu akasema polepole, “mbona hukuniambia?”

“Ningekwambiaje? Ulisema huruhusiwi kuzungumza na mimi.”

Uso wa mke wangu ukabadilika rangi. Akageuka kuelekea mlango wa ukumbi. Nilielewa kabla hajapiga hatua, nikamdaka mkono.

“Usithubutu. Wameshatia saini.”

“Nimewaambia hakuna aliyedhurika.”

“Si yuko hai? Mtazame, si huyu hapa?”

“Yuko hai kwa sababu ya benchi,” akasema. “Si kwa sababu yangu.”

“Watasimamisha kila kitu. Kazi itakwenda. Unajua?”

“Najua.”

Mama naye alikuwa ameshaelewa, na hofu ikamwingia. Akamvuta nguo. “Usiingie, mwanangu. Watakunyang'anya. Mimi nilikuwa naropoka tu, usinisikilize.”

Mke wangu akautoa mkono wa mama kwenye nguo yake, akaushika. “Mama, ungekufa kwa kitu nilichokitengeneza ili usife. Siwezi kukaa na hilo peke yangu.”

Akagonga. Ndani walikuwa wanapanga viti na kucheka jambo fulani, kisha sauti ile ndogo ikasema ingia. Mama alinitazama mara moja, akarudisha mguu ndani ya kiatu kilichomvuka, akamfuata.